Usimamizi wa miradi ya teknolojia ya habari

Usimamizi wa miradi ya teknolojia ya habari ni kazi ya kupanga, kuongoza na kudhibiti shughuli za muda zinazoiletea taasisi mfumo mpya wa kompyuta au kuubadilisha ule uliopo. Taasisi hiyo inaweza kuwa wizara, benki, hospitali, chuo, kampuni ya simu au chama cha ushirika. Mradi hutofautiana na kazi za kila siku kwa kuwa una mwanzo na mwisho, una bajeti yake, na watu wake hutawanyika ukishakamilika. Kulipa mishahara kila mwezi kwa kutumia mfumo wa kompyuta si mradi. Kuuondoa mfumo huo na kuweka mwingine ni mradi.

Wengi huiona kazi hii kuwa ya mafundi. Kumbukumbu za miradi mikubwa iliyokwama zinaonyesha jambo lingine. Mara nyingi mashine zilikuwepo na watengenezaji wa programu waliijua kazi yao, ila taasisi yenyewe haikuwa imeamua inataka nini, nani ana neno la mwisho, na mfumo utajaribiwa na nani kabla haujategemewa. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi ya msimamizi wa mradi hufanyika kwenye vikao, mikataba na mazungumzo na watumiaji, wala si mbele ya kompyuta.

Asili

Mchoro wa ratiba wenye milia ya mlalo, unaotumika hadi leo, huitwa kwa jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyeueneza viwandani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zilitokea mbinu mbili za kukokotoa ratiba ya kazi nyingi zinazotegemeana: moja katika kampuni ya kemikali ya DuPont, na nyingine, iliyopewa jina la PERT, katika mradi wa Jeshi la Majini la Marekani wa kutengeneza makombora ya Polaris.

Programu za kompyuta zilileta ugumu wa aina yake. Daraja lililofika nusu huonekana kwa macho. Programu iliyofika nusu haionekani, na mtengenezaji anaweza kusema "imebaki kidogo" kwa miezi sita bila ya kukusudia kudanganya. Mwezi Oktoba 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliofadhiliwa na NATO, wakajadili kwa nini programu kubwa huchelewa, huzidi bajeti na hushindwa kufanya kazi iliyokusudiwa. Mkutano huo ndio ulioeneza jina la uhandisi wa programu.

Miaka michache kabla yake kampuni ya IBM ilikuwa imepitia tatizo hilohilo ilipotengeneza OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta zake za System/360 zilizotangazwa mwaka 1964. Fred Brooks, aliyeongoza kazi hiyo, aliandika mwaka 1975 kitabu The Mythical Man-Month ambacho bado kinasomwa vyuoni. Hoja yake maarufu ni kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu ni mbili. Wageni hufundishwa na wenyeji, na saa za kufundisha hutoka kwenye kazi yenyewe. Tena kila mtu anayeongezwa huongeza idadi ya watu wanaopaswa kuelewana: timu ya watu 5 ina jozi 10 za mawasiliano, ya watu 10 ina jozi 45, na ya watu 50 ina jozi 1,225. Kuchimba mtaro kunaweza kugawanywa kwa watu wengi. Kufikiri jambo moja linaloungana hakugawanyiki vivyo hivyo.

Mwaka 1970 Winston Royce alichora hatua za kutengeneza programu kama ngazi inayoshuka: mahitaji, usanifu, uandishi, majaribio, matumizi. Mchoro huo ulikuja kuitwa maporomoko ya maji na ukatumika kama kanuni katika zabuni nyingi za serikali. Ni kinaya, kwa kuwa Royce mwenyewe katika andiko lilelile alionya kwamba kufuata ngazi hiyo moja kwa moja bila ya kurudi nyuma ni hatari. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, wakatoa ilani ya njia inayojulikana kama Agile: kutoa programu inayofanya kazi kwa vipande vidogo, kuwaonyesha watumiaji kila mara, na kubadilisha mpango pale wanapojifunza jambo jipya.

Kupanga

Mpango wa mradi huanza na andiko linalojibu maswali machache: ni tatizo gani linatatuliwa, nani analo, mafanikio yatapimwaje, na nini hakitafanywa. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Mradi usio na mpaka hupokea kila ombi la kila idara, na kwa kuwa kila ombi moja moja ni dogo na la haki, hakuna anayeona kosa hadi jumla yake imeuzidi uwezo wa timu.

Ratiba haipatikani kwa kujumlisha muda wa kazi zote. Mfano wa hospitali inayoweka mfumo wa kusajili wagonjwa unaeleza. Kuagiza na kupokea vifaa kunahitaji wiki 10, kuvifunga wiki 1. Wakati huohuo programu inarekebishwa kwa wiki 7. Kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka kwenye daftari na faili za zamani kunahitaji wiki 3, na hakuwezi kuanza kabla vifaa havijafungwa na programu haijawa tayari. Mafunzo ya wafanyakazi yanahitaji wiki 2 baada ya hapo. Mnyororo mrefu kuliko yote ni vifaa, kufunga, kuhamisha, mafunzo: wiki 16. Hospitali ikiwalipa watengenezaji wa programu pesa ya ziada wamalize kwa wiki 5 badala ya 7, haitapata hata siku moja, kwa sababu programu itakaa ikisubiri vifaa. Lakini mzigo ukikwama bandarini kwa wiki 2, mradi wote unachelewa wiki 2. Msimamizi anayeujua mnyororo huo anajua ni simu ya nani aipige kila asubuhi.

Makadirio ya muda na gharama huhitaji nafasi ya yasiyojulikana. Viongozi wengi hupenda tarakimu moja, na mafundi wengi huitoa ili kikao kiishe. Makadirio ya kweli hutolewa kama kiwango cha chini na cha juu, na hupunguzwa pengo lake kadiri mradi unavyosonga. Pamoja nayo huandikwa orodha ya vihatarishi: umeme kukatika, mtaalamu pekee kuhama, sheria kubadilika, muuzaji kufilisika. Orodha hiyo haina faida ikiwa kila kihatarishi hakina mtu anayekifuatilia.

Watu na mamlaka

Mradi huhitaji mwenyewe ndani ya taasisi: kiongozi mwenye mamlaka ya kuamua idara mbili zinapogombana, na atakayeulizwa mradi ukishindwa. Mkuu wa kitengo cha TEHAMA peke yake hafai kwa nafasi hiyo pale mfumo unapobadilisha kazi za wengine. Hawezi kumwamuru mhasibu mkuu abadilishe namna ya kufunga hesabu, wala muuguzi mkuu abadilishe fomu.

Watumiaji wa kawaida nao wana elimu isiyo kwenye hati. Karani wa mapokezi anajua kwamba wagonjwa watatu kati ya wale waliopanga foleni hawana kitambulisho, kwamba majina huandikwa kwa tahajia tofauti kila ziara, kwamba Jumatatu foleni hufika nje ya lango. Mfumo uliochorwa bila ya karani huyo hukataa kusajili mgonjwa asiye na namba, na karani, ili kazi iende, huweka namba ya uongo. Baada ya mwaka mmoja taasisi inakuwa na takwimu nzuri za kuonekana na zisizo za kweli.

Mfano wa FBI

Kisa kilichochunguzwa kwa kina kuliko vingi ni cha idara ya upelelezi ya Marekani, FBI. Tangu mwaka 1995 idara hiyo ilikuwa na mfumo wa kumbukumbu za kesi ulioitwa ACS, uliokuwa mgumu kiasi kwamba maofisa wengi waliendelea kutegemea karatasi. Mwishoni mwa mwaka 2000 Bunge liliidhinisha takriban dola milioni 380 kwa mradi wa Trilogy wenye sehemu tatu: kompyuta mpya, mtandao mpya na programu mpya. Sehemu ya programu ilipewa kampuni ya SAIC Juni 2001.

Mwanzoni kazi ilikuwa ya wastani: kuweka sura mpya, rahisi kutumia, juu ya mfumo wa zamani. Kisha yakaja mashambulizi ya 11 Septemba 2001. FBI ililaumiwa kwa kushindwa kuunganisha habari ilizokuwa nazo, na lengo likabadilika kuwa kujenga mfumo mpya kabisa, Virtual Case File, haraka iwezekanavyo. Lengo lilipanuka, lakini mkataba ulibaki wa aina ileile: mkandarasi alilipwa gharama zake pamoja na tuzo, bila ya hatua za lazima za kukamilisha kazi na bila ya adhabu kwa kuchelewa. Hati ya mahitaji ilizidi kurasa 800, ikaeleza hadi mpangilio wa vitufe kwenye kioo, huku idara ikiwa haina ramani ya jumla ya mifumo yake. Maombi ya mabadiliko yalizidi kumiminika kazi ikiendelea. Kwa mujibu wa mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, katika muda wa mradi walipita viongozi 15 wa ngazi za juu wa teknolojia, wakiwemo wakuu 5 wa idara ya habari, wa kudumu au wa kukaimu, na wasimamizi 10 wa sehemu mbalimbali za mradi. Kila aliyekuja alirithi ahadi ambazo hakuzitoa.

Mpango ulikuwa kuzima mfumo wa zamani na kuwasha mpya kwa siku moja, nchi nzima. Programu ilipokabidhiwa Desemba 2003, FBI ilikataa kuipokea, ikataja kasoro 17 za utendaji, na orodha ikaendelea kukua. Pande hizo mbili zilipelekwa kwa msuluhishi, aliyeona kwamba makosa mengine yalikuwa ya mkandarasi na mengine yalikuwa mabadiliko yaliyoombwa na FBI yenyewe. Mwaka 2005 mradi uliachwa. Kati ya dola milioni 170 zilizotumika kwa programu hiyo, takriban milioni 105 zilihesabiwa kuwa zimepotea kabisa. Maofisa wakaendelea na ACS.

Kilichofuata kina mafunzo zaidi ya kushindwa kwenyewe. Machi 2006 FBI ilisaini mkataba na kampuni ya Lockheed Martin kwa mfumo mwingine, Sentinel, uliokadiriwa kugharimu dola milioni 425 na kukamilika Desemba 2009. Safari hii kazi iligawanywa katika awamu nne, usimamizi ulikuwa mkali zaidi, na awamu ya kwanza ikatoka mwaka 2007. Hata hivyo kufikia katikati ya mwaka 2010 fedha nyingi zilikuwa zimekwisha na ni awamu mbili tu zilizokamilika. Idara iliamuru kazi isimame, ikapunguza nafasi ya mkandarasi na kuuchukua mradi mikononi mwake. Timu ndogo zaidi iliwekwa katika makao makuu ya idara hiyo Washington, ikafanya kazi kwa vipindi vya wiki mbili. Kila kipindi kilipokwisha, kilichotengenezwa kilionyeshwa kwa wahusika kikiwa kinafanya kazi.

Njia hiyo haikuondoa matatizo, ila iliyaleta mapema. Oktoba 2011 mfumo ulipojaribiwa na mamia ya watumiaji kwa pamoja ulikatika mara mbili, ikabainika kwamba vifaa vilivyokuwepo havikuwa na nguvu ya kutosha. Uzinduzi uliahirishwa na vifaa vikaongezwa. Sentinel ilianza kutumika idara nzima 1 Julai 2012, miaka miwili na nusu baada ya tarehe ya kwanza. Mashabiki wa Agile hupenda kukitumia kisa hiki kama ushindi wao, na kuna haki ndani yake. Lakini timu ya mwisho ilianza ikiwa na faida ya miaka kumi ya kujua nini hakitakiwi, na mwenye mradi aliyekaa karibu na kufanya maamuzi. Timu za kabla yake hazikuwa na vitu hivyo, na si rahisi kujua njia ingefika wapi bila ya hivyo.

Mfano wa M-Pesa

Huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyozinduliwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007 inajulikana Afrika Mashariki nzima. Kinachojulikana kidogo ni kwamba haikuwa ndicho kitu kilichopangwa. Mradi ulianzia kampuni ya Vodafone ya Uingereza, mwanahisa mkubwa wa Safaricom, kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza ambayo kampuni iliilinganisha na fedha zake. Lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya, kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Nick Hughes aliusukuma wazo hilo ndani ya Vodafone, na Susie Lonie alitumwa Nairobi kuuendesha mradi.

Badala ya kuanza na nchi nzima, jaribio lilifunguliwa Oktoba 2005 kwa wateja wasiofika 500 na mawakala 8, katika maeneo ya Nairobi, Mathare na Thika. Uamuzi huo wa udogo ndio uliookoa kila kitu. Ilionekana upesi kwamba kuoanisha malipo ya simu na hesabu za Faulu kulikuwa kazi ngumu, kwa kuwa mifumo ya pande mbili haikuzungumza na makarani walilazimika kupitisha takwimu kwa mkono. Vikundi vya wakopaji, ambavyo nguvu yake ni kukutana na kulipa pamoja, havikufurahia kila mwanachama kulipa peke yake akiwa mbali. Kwa kipimo cha andiko la mradi, jaribio lilikuwa likielekea kushindwa.

Wateja walikuwa wakifanya mambo mengine. Waliwatumia ndugu pesa. Waliwanunulia watu wa mashambani muda wa maongezi. Wafanyabiashara waliweka fedha kwa wakala upande mmoja wa mji na kuzitoa upande mwingine ili wasitembee na noti. Wengine waliacha salio lilale kwenye simu kama akiba. Timu iliyoyaona mambo hayo ilikuwa na njia mbili: kuwarudisha wateja kwenye matumizi yaliyoidhinishwa, au kuliandika upya lengo la mradi. Ilichagua ya pili. Mikopo midogo iliondolewa, na huduma ikazinduliwa kwa ujumbe rahisi wa kutuma pesa nyumbani. Ndani ya mwaka mmoja wateja walizidi milioni moja.

Kisa hiki kinaonekana kupinga kile cha FBI, ambako kubadilisha lengo kuliuvuruga mradi. Tofauti iko kwenye gharama ya kubadilisha na kwenye sababu yake. Lengo la M-Pesa lilibadilishwa kwa ushahidi wa watumiaji halisi, kabla ya mtandao mkubwa wa mawakala haujajengwa. Lengo la FBI lilibadilishwa kutoka juu, kwa shinikizo, bila ya jaribio lolote, na mkataba ukiwa umeshasainiwa.

Tarehe isiyosogezeka

Miradi mingine haiwezi kuahirishwa. Uchaguzi mkuu wa Kenya wa 4 Machi 2013 ulitumia teknolojia tatu kwa mpigo: usajili wa wapiga kura kwa alama za vidole, vifaa vya kuwatambua vituoni, na mfumo wa kupeleka matokeo kwa njia ya mtandao. Usajili ulifanyika kwa siku 30 tu kati ya Novemba na Desemba 2012, ukapata watu zaidi ya milioni 14. Hivyo miezi miwili na nusu ilibaki kwa vifaa vingine kuwekwa, wafanyakazi kufundishwa na kila kitu kujaribiwa katika vituo vingi visivyo na umeme.

Siku ilipofika, katika vituo vingi vifaa vya utambuzi viliishiwa chaji au havikuwaka, na maofisa wakarudi kwenye daftari lililochapishwa. Mfumo wa kupeleka matokeo nao ulikwama. Kabla ya hapo idadi ya kura zilizoharibika iliyoonekana kwenye runinga ilikuwa kubwa mno, na tume ya uchaguzi ilieleza baadaye kwamba kosa katika programu lilikuwa limeizidisha mara nane. Majumuisho yalikamilishwa kwa fomu za karatasi zilizopelekwa Nairobi, na matokeo yakatangazwa 9 Machi. Mahakama ya Juu iliyosikiliza shauri la uchaguzi huo ilipendekeza ununuzi wa vifaa uchunguzwe.

Kwa msimamizi wa mradi, jambo la kuzingatia hapo ni kwamba njia ya karatasi ilikuwepo na ilifanya kazi. Pale tarehe isipoweza kusogezwa, kinachopaswa kupunguzwa ni kiasi cha kazi, na njia mbadala hufanyiwa mazoezi kama njia kuu. Kwa mifumo ya umma kuna sharti lingine, la kukaguliwa. Mwaka 2017 Mahakama hiyohiyo ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais, na miongoni mwa yaliyotajwa ni tume kutotoa kikamilifu ruhusa ya kuchunguza seva zake kama ilivyoamriwa. Mfumo unaofanya kazi lakini usioweza kuonyesha ulivyofanya kazi hautoshi mbele ya watu wasioaminiana.

Zabuni na mikataba

Taasisi nyingi hununua mifumo badala ya kuitengeneza. Hapo hadidu za rejea na mkataba ndivyo vinavyobeba mradi. Mkataba wa bei moja huifurahisha ofisi ya ununuzi, ila humfanya mkandarasi apiganie kila neno la mahitaji na kudai nyongeza kwa kila badiliko. Mkataba wa kulipa gharama zote humwondolea mkandarasi haraka. Njia ya kati ni kulipa kwa hatua, kila hatua ikiwa ni kitu kinachoweza kuwashwa na kujaribiwa na watumiaji. Ripoti iliyojalidiwa vizuri haihesabiki kuwa hatua.

Vifungu vingine huonekana vidogo hadi siku vinapohitajika: nani anamiliki msimbo wa programu, nani anashika nywila kuu, data itatolewa kwa muundo gani taasisi ikitaka kuhama, na marekebisho yatalipiwaje baada ya mwaka wa kwanza. Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo pamoja na kazi nyingine husimamia viwango vya miradi ya TEHAMA katika taasisi za umma, ili wizara mbili zisinunue mara mbili mfumo uleule au kununua mifumo isiyoweza kubadilishana taarifa.

Kukabidhi na kuendesha

Mradi haumaliziki siku utepe unapokatwa. Kwa kawaida mfumo mpya na wa zamani huendeshwa sambamba kwa muda, hasa katika mishahara na uhasibu, hadi majibu yalingane. Kipindi hicho huwachosha wafanyakazi kwa kuwa wanafanya kazi moja mara mbili, na ndiyo sababu kinapaswa kuwa na tarehe ya mwisho. Kisipokuwa nayo, watu hurudi kwenye mfumo wanaoujua, na mpya hubaki kwa ajili ya wageni na wakaguzi.

Kuhamisha data ya zamani hupangiwa muda mfupi kuliko inavyostahili karibu kila mara. Kumbukumbu zina majina yaliyorudiwa, tarehe zisizowezekana na sehemu tupu, na kuamua lipi ni sahihi si kazi ya kompyuta. Mafunzo nayo hufanywa mapema mno, mwezi mzima kabla ya mfumo kuwashwa, kisha husahauliwa; yanayofaa zaidi ni ya siku chache kabla, pamoja na mtu wa kuulizwa aliye jengo lilelile katika wiki za kwanza.

Gharama za kuendesha, zikiwemo leseni, umeme, mtandao, nakala rudufu na mishahara ya wataalamu, hutoka kwenye bajeti ya kawaida ya taasisi. Miradi ya wafadhili huanguka hapo zaidi: ruzuku hulipia ujenzi, ikikwisha hakuna fungu la kulipia mtandao wa mwezi unaofuata. Wakati mwingine kuendesha mfumo huzaa mradi mwingine kamili. Seva za M-Pesa zilikaa Ulaya tangu huduma ilipoanza, wakati Afrika Mashariki bado ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya kimataifa. Kebo ya kwanza ya baharini kufika pwani hiyo ilianza kutumika mwaka 2009. Zilihamishiwa Kenya, pamoja na mfumo wenyewe kubadilishwa, mnamo Aprili 2015, wakati ambapo mamilioni ya watu walikuwa tayari wakilipia mahitaji yao ya kila siku kupitia huduma hiyo.